Mkono wa Mama Mswaki

Mwanamke mmoja alijifungia mlango kwa ulimi wake mwenyewe. Walimwita Mama Mswaki, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuyapigia mswaki matumbawe. Mwamba wa bahari ya kwao ulishavunjwa na nanga, ukabaki kifusi, ndipo mradi wa kuufufua ukatengeneza kitalu chini ya maji: meza za mabomba ya plastiki, na juu yake vipande vya matumbawe vya ukubwa wa kidole gumba, vimefungwa kwa uzi vikue mpaka vipandwe mwambani. Adui yao mwani. Ukiuachia siku tatu, unavikaba koo.

Mwaka wa kwanza msimamizi alitaka kupunguza watu. Mama Mswaki, akiona kibarua kinaota nyasi, alimwambia bila kupepesa macho, "Bosi, haya yamenizoea. Mkono mgeni ukiyagusa yananuna, yanageuka meupe, yanakufa."

Hazikupita siku nyingi akaugua homa, mswaki ukashikwa na mwingine. Wiki hiyohiyo maji yakapata joto, meza nzima ikafa. Nani angebisha tena? Wageni wakija, msimamizi aliwaonyesha ule mkono kama kidani cha bibi harusi.

Miaka sita ikapita bila likizo. Mama Mswaki alijua kila samaki wa pale kwa tabia zake, na mmoja, nasikia, alikuwa akimwamkia.

Binti yake, anayeishi mwendo wa siku mbili kwa basi, akapiga simu. Mimba ya kwanza.

"Mama, daktari kasema wiki mbili. Utakuja?"

"Nakuja, mwanangu."

"Hata kwenye harusi yangu ulisema hivyohivyo."

Asubuhi alikwenda ofisini. "Bosi, binti yangu anakaribia kujifungua, niruhusu niende. Siku ile niliongopa. Yeyote anaweza kuyasugua."

Msimamizi akacheka mpaka akavua miwani. "Una maneno wewe. Mwanao ana wakunga. Haya yana nani?"

Uongo wake ulikuwa umeota mizizi kuliko matumbawe yenyewe. Akamwendea wifi yake, fundi cherehani, mwogeleaji tangu utotoni, ili mkono mgeni uyasugue wiki nzima bosi asijue, kisha aone mwenyewe.

"Wifi, unafunga uzi kama mtu anayefunga gunia la mkaa," wifi alimwambia siku ya kwanza walipoibuka majini. "Ni ajabu hayajakukimbia."

Siku sita wifi alivaa nguo ya kuzamia ya Mama Mswaki, kofia na miwani, akashuka peke yake. Mama Mswaki alijibanza stoo katikati ya mabomba na marobota ya kamba, magoti kidevuni, akibana chafya kila msimamizi alipokohoa nje. Joto la mle lilitosha kuivisha maharage. Alikuwa akihesabu siku za binti yake kwa vidole.

Siku ya saba msimamizi alizamia kukagua. Hakikufa hata kipande kimoja.

"Mkono wako una dawa, Mama Mswaki," alisema ufukweni.

Wifi akavua miwani. Mama Mswaki akatoka stoo, utando wa buibui kichwani.

Msimamizi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akauchukua mswaki akamkabidhi wifi.

"Nenda kwa mwanao," akamwambia Mama Mswaki. "Na usijisumbue kurudi."

Jioni ile simu ililia akiwa kwenye basi, mkoba mapajani.

"Mama, uko wapi?"

"Njiani."

"Kweli? Wamekupa siku ngapi?"

Mama Mswaki aliegemeza kichwa kwenye kioo.

"Nyingi, mwanangu," akasema. "Nyingi mno."