Nilivyomshika Mkwe Mshipi Juu ya Mombasa

Cheka kwanza, umalize, ndio nianze. Najua hadithi hii ilikufikia kabla yangu, maana imetembea kutoka Kabati hadi Makindu ikiongezwa chumvi kila soko, na huko mjini Wote nasikia wanasema nilimkalia mkwe wangu mapajani. Sikumkalia. Nilimshika mshipi, kwa mikono miwili, mchana, mbele ya watu, kichwa changu kikiwa wazi, na aibu yake niliibeba mpaka ikanizoea. Lakini kama umekaa hapo ukingoja niseme najuta, afadhali urudishe kiti ndani.

Kwa yule ambaye hakulelewa Ukambani nieleze kidogo. Kwetu mwanamke na mume wa binti yake hawakaribiani. Tunaita nthoni, ni haya na heshima zikipikwa chungu kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hamli pamoja, hamshikani mikono, hata jina lake hulitaji ovyo (mimi nitalitaja, Kioko, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki). Na mwaka ule, miaka ya themanini ikielekea kuisha, hiyo heshima ilikuwa na uzito kuliko kawaida, maana binti yangu Mwende alikuwa anakaa na Kioko huko Mombasa na mtoto wamepata, na mbuzi wa ntheo hawajaletwa kwetu. Bila mbuzi wa ntheo hakuna ndoa, hata mzae watoto wa kujaza kanisa. Baba yake Kioko, Mzee Nzioka wa upande wa Makueni, mtu mgumu kama mpingo, alikuwa ametuma neno baada ya kubembelezwa sana kwamba mavuno yakiisha watakuja. Kwa hivyo mimi, mjane, kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa mbali na kijana wao mpaka mbuzi wafike.

Na nilikaa mbali, usione hivi. Tatizo ni kwamba Kioko alikuwa askari wa geti katika hoteli moja ya ufuoni, na hoteli hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na duka lililonunua viondo vyetu, sisi akina mama wa Kabati tunaosuka kwa kikundi. Mwenye duka alikuwa Mama Rukia, Mswahili wa Mombasa, mwanamke wa maneno mengi na roho safi. Kila nikipeleka mzigo nilizunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni, mkanda wa mzigo ukinikaza paji la uso, ili tu nisipite kwenye geti la mbele. Mama Rukia alinishangaa, akaniuliza mbona napenda kupita kwenye maganda ya vitunguu, na mimi sikumwambia, kwa sababu ningesemaje bila kumtaja mkwe? Nikamwambia napenda kivuli.

Siku hiyo nilikuwa nimeketi mlangoni mwa duka nikisokota katani kwenye paja, na mama mmoja mzungu na mume wake wakakaa kuniangalia asubuhi nzima. Walikuwa wamelipia helikopta ya kuwazungusha juu ya mji na bahari. Si safari ya kwenda mahali, ni kuzungushwa tu uangalie, halafu unarudishwa pale pale ulipotolewa (wazungu wana mambo yao, lakini hilo moja nililielewa mara moja, hata mimi ng'ombe wakishiba napanda kilimani kuangalia tu). Basi saa ya kupanda ilipokaribia matumbo yao yakakataa. Walikuwa wamekula kaa, na kaa hao walikuwa na maoni yao. Yule mzungu, ameshika tumbo, akamwambia Mama Rukia nafasi yao apewe mama wa viondo.

"Mama Mwende," akaniambia Mama Rukia, "bahati imekuja na miguu yake. Inuka."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi hata lifti ya hoteli siipandi."

Niliinuka. Nilikuwa nimechota maji maisha yangu yote katika mto usio na maji, nimechimba mchanga mpaka kucha zikaisha, na hakuna siku mtu aliniambia kuna kitu cha bure cha kwenda juu. Ungeinuka pia.

Tulipofika kwenye uwanja wa nyasi wa hoteli, rubani, mzungu mzaliwa wa Kenya, akanipima kwa macho (uzito wangu haukuhusu), akasema ndege yake ni ndogo, ni kama mizani, upande mmoja ukiwa na mimi upande wa pili uwe na mtu wa kutosha. Mama Rukia akaniuliza amwite nani. Na mimi, macho yameshaganda kwenye ile feni kubwa ya juu, nikajibu, "Ita mtu yeyote, bora awe mzito."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, pahali padogo hivyo. Kama ningesema niitie mwanamke, leo mngekuwa mnamcheka mtu mwingine.

Feni ilianza kuzunguka, vumbi na mchanga vikapaa, nikajifunika leso usoni, tukaambiwa tuiname tusikatwe vichwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama, nikasukumwa ndani na kiondo changu mkononi, nikafungwa ukanda wa kiti. Mlango wa upande ule mwingine ukafunguliwa, akaingia mtu mkubwa, naye ameinama, kofia ameibana usoni kwa sababu ya mchanga. Tukavalishwa vile vitu vya masikio vyenye kijiti cha kuongelea mbele ya mdomo, vya kwangu vikaning'oa kitambaa cha kichwa, milango ikagongwa, tukapanda.

Vumbi lilipoisha nikatoa leso. Yeye akatoa kofia. Tukaangaliana.

Sijawahi kuona mtu mweusi akigeuka rangi ya majivu. "Mwaitu," akasema, yaani mama, na kwa sababu ya vile vitu vya masikio sauti yake haikutoka kando yangu, ilitoka ndani ya kichwa changu. Goti lake na langu yalikuwa yanagusana. Nikalivuta la kwangu, halikuwa na pa kwenda.

Sasa, mtoto aliyelelewa vizuri akikutana na mama mkwe hufanya nini? Huingia kichakani. Na Kioko alilelewa vizuri sana, hilo sitamnyima Mzee Nzioka. Nilimwona akitafuta kichaka. Alitafuta chini, akatafuta nyuma ya kiti, halafu mkono wake ukafungua ule ukanda wa kiti na ukaanza kutafuta kitasa cha mlango.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Siwezi kukaa hapa na wewe, mwaitu. Si heshima."

"Na ukitoka utaenda kukaa na nani, samaki?"

Hakunisikia. Macho yalikuwa ya mtu ambaye akili imeshatangulia nje. Rubani akageuka na Kiswahili chake cha shambani, "Wewe, wacha hiyo mlango, iko hatari," na kitasa kikalia, nikasikia upepo ukiingia kwa mwanya. Hapo sikufikiria mila, sikufikiria mbuzi, nilimfikiria Mwende amebeba mtoto mgongoni akiambiwa mume wako ameanguka kutoka mbinguni akimkimbia mama yako. Nikamshika mshipi. Ule mshipi wa askari, mpana, wa ngozi, nikaukamata kwa nyuma kwa mikono miwili, nikamvuta kama mtu anayetoa ng'ombe kwenye matope, akarudi kitini kwa kishindo, rubani akanyoosha mkono akaufunga mlango.

Na sikumwachilia. Sikuamini ile akili yake. Kioko akafunika uso kwa kofia ili asinione, mimi nikageuzia uso dirishani na kufumba macho ili nisimwone, mikono yangu ikabaki nyuma kwenye mshipi wake, na hivyo ndivyo heshima ya Wakamba ilivyopita juu ya kisiwa cha Mombasa, ikiwa imebanwa lakini ipo. Rubani, kwa wema wake, alidhani tunaogopa na tunahitaji kuchangamshwa, akailaza ndege upande mmoja tuone vizuri. Mimi mzima nikamwangukia Kioko begani. Akailaza upande wa pili, Kioko akaniangukia mimi. Nikaanza kuomba kwa sauti, na ombi langu lote likaingia masikioni mwa wale wawili, pamoja na sehemu niliyomwambia Mungu kwamba kijana huyu ana akili ya kuku. Kisha Kioko akashikwa na kichefuchefu, na kitu pekee kilichokuwa wazi mbele yake kilikuwa kiondo changu kizuri kuliko vyote, kile cha mfano nilichokuwa nimekipakata. Sitasema zaidi.

Tuliposhuka nilidhani yameisha. Kumbe habari kwamba askari wa geti amepandishwa ndege ilikuwa imekusanya hoteli nzima: wapishi, wafagiaji, na wale Wakamba wenzetu wanaochonga vinyago nje ya ukuta. Mlango ukafunguliwa na vidole vyangu vikakataa kufunguka. Vilikuwa vimekufa ganzi. Kioko akatoka na mimi nikatoka nyuma yake kwa mlango huo huo, nimeinama, kichwa wazi, nimemshika mshipi, yeye anavuta mbele kwa aibu, mimi nafuata kwa magoti kwenye nyasi, mpaka Mama Rukia akaja kunibandua kidole kimoja kimoja huku machozi ya kicheko yanamtoka.

"Huyu ni mkwe wangu," nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Haya, na iweje? Kwetu mkwe ni mwanao, angekubusu mkono." Akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Mbele ya wachongaji alisimama ndugu mdogo wa Mzee Nzioka, tezo mkononi. Alikusanya vinyago vyake saa hiyo hiyo, na nilipofika Kabati habari ilikuwa imeshakaa, imekunywa chai. Wale akina mama wanaoimba kila Jumapili kwamba mila za kale tumezizika ndio walikuwa wa kwanza kushika vichwa. Mmoja aliniuliza mshipi wenyewe ulikuwa wa rangi gani.

Halafu neno likaja kutoka Makueni: mbuzi hawaji. Mwende akapanda basi na mtoto, akaingia nyumbani akilia, akaniambia, "Mwaitu, umeniharibia. Wanasema nyumba ambayo mama anamshika mkwe mshipi si ya kuletewa ntheo." Hapo ndipo iliponiuma. Kuchekwa sokoni si kitu, lakini mtoto wangu kulia mbele yangu kwa ajili yangu, hicho ni kitu.

Ndugu za marehemu mume wangu wakapatana na wazee wa Makueni: nitoe mbuzi wa kutakasa, halafu niombe msamaha mbele yao. Nikasema mbuzi nitatoa, hiyo ni mila na sijaikataa. Msamaha sina.

Walikuja. Wazee wakakaa uani, Kioko akakaa mbali akiangalia upande wa barabara, na mimi nikakaa ndani ya nyumba, mlango umerudishwa nusu, ili nisikike bila kuonana naye. Mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa. Kisha Mzee Nzioka akageukia mlango.

"Mama Mwende, tunangoja."

"Mnangoja nini, Mzee?"

"Useme ulikosa. Kwani hungeweza kumwachilia?"

"Ningeweza," nikasema. "Vidole ni vyangu. Lakini nusu shari ni afadhali kuliko shari kamili. Ningemwachilia, leo ungekuja hapa kwangu kuzungumza habari ya mbuzi, ama ungekuwa kwako unapokea watu wa matanga? Niambie wewe ni ipi ungetaka, nami nitaomba msamaha kwa kukunyima."

Shemeji yangu akakohoa kunionya. Mwende alikuwa amekaa karibu yangu ndani, akanishika leso akiivuta, nyamaza mwaitu, nyamaza. Sikunyamaza. Nikaongeza kwamba heshima ni kitu cha watu walio hai, maiti hana mama mkwe. Uani nikasikia mbwa akijikuna. Nikajua nimemaliza, nimemwozesha binti yangu kwa ulimi na nimemwachisha kwa ulimi huo huo.

Kisha Mzee Nzioka akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza:

"Na huko juu. Mombasa inakaaje?"

"Sijui, Mzee," nikamjibu. "Sikuiona. Nilikuwa nimemshika mtoto wako."

Nilichungulia kwa ule mwanya, nikamwona yule mzee mgumu akifuta uso kwa kiganja, polepole, kutoka paji mpaka kidevuni. Halafu akamwambia ndugu yake, yule wa tezo, "Mbuzi waletwe Jumamosi."

Na waliletwa, na Mwende ni mke wa mtu mpaka leo, na Kioko akiniona njiani Kabati bado anaingia kichakani, nami namsifu kwa hilo. Mchungaji wetu aliwahi kuniambia niape sitarudia. Nikamwambia nitaapa, na kiapo changu ni hiki: siku nikipewa tena nafasi ya kwenda juu, napanda, na Kioko akiwemo ndani na akagusa kitasa, nitamshika tena mshipi, ila safari hiyo kwa mkono mmoja, na macho nitayafungua.