Karani wa Kahawa Ndani ya Kompyuta ya Ruring'u

Ni saa tatu asubuhi, mwaka huu wa 1996, na Gladwell Warigia anatangaza kwamba mchezo bora wa video katika Nyeri nzima uko hapa Ruring'u, kwenye chumba chake kati ya kinyozi na duka la mbolea.

"Hakuna kama huu," anasema, akipangusa skrini kwa ncha ya leso. Kisha anacheka. "Mimi ndiye nimeutengeneza, na aliyenipigia kura ni mama yangu. Naye hajauona."

Kazi ya Warigia ni kupiga chapa: barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mikataba ya mashamba. Mchezo ni wa saa ambazo hakuna barua. Kompyuta aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao, na skrini yake inajua rangi ya kijani tu.

Humo ndani unachuma kahawa. Ndiyo mchezo wenyewe. Punje iliyoiva ni duara lililojaa, mbichi ni duara tupu. Gunia likijaa unalipeleka kiwandani, na hapo amesimama karani. Akiona mbichi moja, anakumwagia gunia lote chini uchague upya, vile watu wazima wanavyomwagiwa mbele ya majirani kila msimu.

"Kuna karani alimwagia mama yangu mara mbili siku moja," anasema Warigia. "Nikasema, wewe, ngoja. Nitakuweka mahali."

Amemweka. Kwa shilingi tano, wazee wa Gatitu na Ruring'u huja na makoti yao mazito kumshinda yule karani, na wakishindwa humtukana hadi kinyozi anasimamisha mkasi.

Mjini, Peterson Mwaniki ana ukumbi wa michezo ya ng'ambo: magari yanayoruka, wanajeshi wenye vifua kama kabati, kelele za kutikisa vikombe vya hoteli ya jirani. Watu husema mchezo mmoja wa aina hiyo hutengenezwa na watu mia mbili. Wake Warigia aliutengeneza peke yake, jioni baada ya vyombo kuoshwa, kwa miezi minane.

"Na hao mia mbili," anasema akiinua kidevu, "hakuna hata mmoja amewahi kuchuma kahawa."

Asubuhi hii ameongeza hatua ya tano. Kwa wiki tatu ilikuwa ikijaribiwa kwa Mutuma, mpiga chapa mwenzake wa Kutus, na hapa Ruring'u hakuna aliyeiona. Mpango wake ni kuufikisha mchezo Karatina na Kerugoya, kisha Nanyuki. "Huko hakuna kahawa, nitawawekea mkaguzi wa mbuzi."

Lakini kwanza abaki na chumba. Peterson anakitaka kiwe tawi la ukumbi wake, na mwenye nyumba, Mama Wakonyo, mjane wa miaka sabini, ameahidi kuamua leo. Warigia akikikosa, karani atahamia chini ya kitanda, na hana pengine pa kwenda.

Wanafika pamoja, Peterson mbele, viatu vinang'aa.

"Cucu, bibi yangu, mimi nitaleta mashine sita za rangi," anasema. "Huyu ako na maduara tu."

"Umecheza hayo maduara?" anauliza Mama Wakonyo.

"Mimi? Hata kugusa! Ati nilipe pesa nichume kahawa, na nilitoroka ya baba yangu?"

"Basi hata nikiamua leo, njoo Alhamisi tujaribu sisi wawili."

"Alhamisi siko, cucu. Kila Alhamisi naenda Kutus kununua mchele."

Mama Wakonyo anaguna, anavuta kiti na kuketi. "Nifungulie nione kitu ninachofukuza."

Warigia anamfungulia hatua ya tano moja kwa moja. Gunia limejaa, karani amesimama, mikono nyuma. Kidole cha bibi kinakaribia kubonyeza.

"Bado, cucu!" Peterson ameruka mpaka kwenye meza. "Ngoja ainue kikombe! Akinywa chai haoni mbichi!"

Kwenye skrini hakuna kikombe. Kinyozi amechungulia mlangoni, wembe mkononi. Kisha, taratibu, karani anainua kikombe cha kijani mdomoni.

Mama Wakonyo anabonyeza. Gunia linapita. Anatoa ufunguo wa chumba mfukoni, anauweka mbele ya Warigia, ndipo anageuka.

"Peterson, na hiyo hatua ya sita, ikoje?"

"Hakuna ya sita, cucu. Hata Mutuma nimemuuliza," anajibu Peterson, na mdomo unabaki wazi.