Orville Tackett, Bingwa wa Kuanguka

Orville Tackett alijua kazi moja tu duniani: kuanguka. Katika kumbi za vichekesho za Toledo alianguka na viti, na ngazi, hata na bata mzinga aliye hai, na watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Kisha redio ikaja, kumbi zikafungwa, naye akaja kuomba kipindi kwenye studio nilikokuwa nikipiga fidla. Mtu wa kuanguka, redioni! Hakuna aliyefikiri, ndiyo maana akaajiriwa.

Alhamisi ya kwanza alianguka kama zamani. Sisi wa studio tulicheka hadi nikapotea kwenye muziki. Majumbani walisikia kishindo, kisha vicheko vya watu wasiowajua. Bwana Haskell, mwenye unga wa chapati za maji aliyegharamia kipindi, akapiga simu.

"Hao wanacheka nini? Mke wangu anadhani anachekwa yeye!"

Wiki iliyofuata Orville aliokolewa na mkewe Myrtle, mpiga piano wetu. Mume alipoanguka, mama huyo akaisogelea maikrofoni.

"Haya, suruali imepasuka tena. Leo utashona mwenyewe! Na huo mguu utoe kwenye ngoma ya watu."

Mji mzima ukacheka. Barua zikamiminika, zote za kumsifu Myrtle. Basi Haskell, kichwa chake kimejaa pumba, akaja na wazo.

"Mama tunaye. Huyo mzee wa nini? Dondosheni gunia la unga wangu, kishindo ni kilekile."

Hivyo ndivyo Orville alivyomwaga unga. Nilimchukia Haskell siku ile, na bado namchukia.

Alhamisi iliyofuata gunia lilianguka vizuri sana. Puu! Myrtle akaliangalia. Gunia halina suruali, wala halimtazami mtu kwa aibu. Akafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Kipindi kiko hewani, studio kimya, na nyuma ya kioo Haskell kaiva kama nyanya.

Orville alikuwa ameketi nje ya mlango, akimngoja mkewe waende nyumbani. Ukimya wa jukwaani aliujua. Akaingia mbio, akajikwaa kwenye gunia, na naapa hakukusudia, akaanguka kifudifudi, unga ukatufunika sote.

"Umechelewa, mume wangu," Myrtle akasema kwenye maikrofoni. "Nusura nizeeke na gunia!"

Tulicheka hadi tukakohoa unga. Myrtle alikuwa analia, lakini redioni hilo halionekani.