Ng'ombe Mwekundu wa Mnadani

Nyumba yetu ilinuka moshi wa kuni za miwati na maziwa mabichi, na miezi ya mvua, ukungu wa Njombe uliposhuka na kukaa kutwa nzima, harufu hizo hazikuwa na pa kwenda. Zilikaa kwenye mablanketi, kwenye nywele, hata kwenye sare yangu ya shule. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, Neema, aliyempata kupitia ushirika wa wafugaji wa kijiji chetu: unapewa mtamba, naye akizaa jike wa kwanza, ndama huyo anakwenda kwa mwanachama anayefuata. Kila asubuhi maziwa yetu yalipozwa kwenye tangi la ushirika pamoja na ya wenzetu, kisha gari likaja kuyachukua. Ndoo ya Mama peke yake isingemvuta mnunuzi yeyote kwenye barabara ile ya utelezi. Jifya moja haliinjiki chungu.

Baba mdogo Yohana, aliyetengana nasi kwa wigo wa matete tu, hakuutaka ushirika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu na mchapakazi, ila hakupenda kupangiwa na kikao siku ya kuwaogesha ng'ombe wake dawa ya kupe. Alikuwa nao watatu, wazuri kuliko wote kijijini. Masika yale, msimu wa kupe, akashuka mnadani Makambako, akarudi na wa nne juu ya lori la mbao: mwekundu, mnene, anang'aa. Watu walikuja kumtazama. Nilimshika sikio, na ndani yake nikaona kupe wamejazana kama punje za ulezi. Nikamwambia Mama, naye akaenda kusimama wigoni.

"Shemeji, mtenge kwanza huyu. Mwite mtaalamu wa mifugo amwangalie."

"Ng'ombe ni wangu, shemeji."

"Ni wako. Lakini kupe hawana mwenyewe."

Baba mdogo alicheka kwa upole, akamwingiza bandani pamoja na wenzake.

Wiki zikapita bila kitu. Mama hakutulia, kila alipokamua alimpapasa Neema chini ya masikio, akitafuta tezi zilizovimba. Kisha asubuhi moja tukasikia kikohozi ng'ambo ya wigo. Ng'ombe wa kwanza wa Baba mdogo alisimama shingo imenyooka, povu puani, akivuta pumzi kama mtu anayezama. Alikufa kabla ya Jumapili. Wa pili akafuata. Mwekundu yule alikula vizuri na kuzidi kunenepa, maana huko alikotoka alikwisha kuuzoea ugonjwa. Sijasahau macho yake matulivu, akitafuna majani huku mashimo yakichimbwa nyuma ya banda.

Mtaalamu aliyeletwa na ushirika kutoka mjini alisema ni ndigana kali, homa inayoenezwa na kupe. Mama Tuli, mwenyekiti wetu, aliitisha kikao siku hiyo hiyo. Ng'ombe wote wakafungiwa mabandani, na wanachama wakapita na bomba la dawa nyumba kwa nyumba, mvua ikiwanyeshea. Hata hivyo Neema akapata homa. Mama alipozigusa tezi zake, aliketi kwenye matope. Dawa ilikuwepo kwenye kituo cha ushirika, ikatumika mapema. Maziwa yake yalimwagwa siku zote za matibabu, na majirani ambao sisi wenyewe tulidhani hawana kitu walituletea maziwa ya uji.

Baba mdogo aliyaona hayo yote kupitia matete. Ng'ombe wake wa tatu alipoanza kukohoa, alikuja kwenye kikao, kofia mkononi, akabaki mlangoni. Mtu mmoja akanung'unika, "Si aliyataka mwenyewe?"

"Tukimwacha," Mama Tuli akasema, "ugonjwa utakaa kwake, na kutoka kwake utarudi kwetu. Chukueni bomba."

Walikwenda, lakini walichelewa. Ng'ombe yule alikufa. Mwekundu aliogeshwa, akatengwa, mwishowe akachinjwa, maana bado aliubeba ugonjwa. Neema alipona. Baba mdogo akajiunga, akasubiri zamu yake ya mtamba kama wengine, na tangu hapo sikumsikia akicheka kwa urahisi ule.

Leo naishi Makambako, na siku za mnada nayaona malori yakipandisha ng'ombe kuelekea Njombe. Kule kijijini tangi la maziwa ni kubwa kuliko la zamani, na watoto wengi wamesoma kwa maziwa hayo. Ila Mama ananiambia vikao vimepungua watu. Vijana wananunua ng'ombe kwa kuona picha kwenye simu, wanawapokea jioni na kuwaingiza bandani moja kwa moja. Wanaokuja siku ya kuogesha ni wazee wa masika yale, akiwemo Baba mdogo. Nilimuuliza Baba mdogo kwa nini hawaelezi vijana yaliyompata. Akanijibu kwamba amewaeleza, nao walimsikiliza kwa heshima. Sisi tuliogopa kwa sababu tuliona. Wao hawajaona, na mvua zimeshaanza.