Bunduki kwenye Lango la Zahanati

Nikinunua samaki humfunua mashavu mara mbili, na muuzaji akiniapia kwa jina la Mungu, humfunua mara ya tatu. Ndivyo nilivyo. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, alizoea kusema kwamba hata malaika akibisha hodi kwetu nitamwomba kitambulisho. Nilicheka naye, lakini ukweli ni kwamba ningemwomba.

Nadhani tabia hii niliipata kwa kulelewa katikati ya nchi mbili. Baba alitoka Kenya kuja kuchimba shaba, mgodi ukafungwa, akabaki huku Kasese, karibu na mpaka wa Kongo, akilinganisha kila kitu na kwao: chai, barabara, polisi, hata mvua. Kaka yangu alirithi ugonjwa huo. Alirudi Kenya akaajiriwa kulinda jengo la maduka, na mwaka mmoja, katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, alikuja kututembelea. Tulikwenda naye kununua sukari. Alipomwona mlinzi wa duka na bunduki begani, alisimama pale pale.

"Huyu ni polisi?"

"Ni mlinzi tu, kama wewe."

Hakuamini. Kwao, alisema, yeye hupewa rungu, tochi na filimbi, na mwizi akija na bastola kazi yake ni kupuliza filimbi. Tulicheka mpaka tukaisahau sukari kaunta. Lakini kwa majuma mawili aliyokaa, kila alipokaribia benki alivuka barabara akapita upande wa pili. Mimi nilikuwa nimekua nikiziona bunduki hizo kwenye kila mlango wenye kitu cha kuibwa, na nilimwona kaka kama mtu aliyedekezwa na Kenya.

Kwenye matibabu ndipo alipopata pa kujivunia. Alitoa kadi yake ya bima akaiweka mezani kama picha ya mtoto. Akazisifu hospitali za kwao, mitambo yake, madaktari wake, halafu ulimi ukamteleza: shangazi yetu alikuwa amelazwa huko, akapona kabisa, kisha akazuiliwa wodini wiki tatu mpaka ukoo ukafanya mchango.

"Amepona halafu akafungwa?"

"Hakufungwa, dada. Alizuiliwa."

Nikamwambia kwetu hospitali ya serikali haimdai mtu kitu, ila utakaa kwenye benchi mpaka ujue wajukuu wa kila mgonjwa. Tulibishana hivyo usiku na mchana, kila mmoja akiitetea nchi yake. Jambo moja tu tulikubaliana, nalo lilihusu nchi ya tatu: kule Kongo, ng'ambo ya mto, kila nyumba ina bunduki chini ya kitanda. Yeye hakuwahi kufika. Mimi nilifanya biashara mpakani miaka sita nami sikuwahi kuvuka.

Biashara yangu ilikuwa Bwera. Jumanne na Ijumaa, siku za soko, niliondoka Kasese alfajiri na mashuka yangu na sabuni. Meza niligawana na mwanamke kutoka upande ule wa Kongo, aliyeleta vitenge. Aliniita Mama Kasese, mimi nilimwita dada. Sijawahi kuona mtu anayekunja kitenge kama yeye. Alikishika kwa ncha za vidole, akakipiga hewani mara moja, na kikashuka kimekunjika bila kosa. Wateja walisimama kumwangalia, kisha wakanunua sabuni yangu. Kwa hiyo mikono yake ilinilisha na mimi.

Ijumaa moja alikuja amechelewa, mkono wa kushoto umefungwa kipande cha kitenge.

"Bati njo ilinikata, Mama Kasese. Ni kidogo tu."

Jumanne iliyofuata mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na harufu yake niliisikia hata sabuni ikiwa katikati yetu. Nilimwambia anionyeshe, akakataa, akasema kikifunguliwa kinauma. Hapo machale yakaanza kunicheza. Wiki hiyo soko zima lilikuwa likinong'ona kwamba milio ya risasi imesikika kwenye vilima vya kwao. Bati gani linamkata mtu aliyezoea nyumba yake? Na kama si kitu cha kuficha, mbona anakificha?

Hospitali ya serikali ilikuwa pale pale Bwera, mwendo mfupi tu. Sikumpeleka. Nilijua kwamba jeraha la risasi kwetu huanzia polisi: inatakiwa karatasi, na kabla ya karatasi kuna maswali, na maswali hayamwachi aliyemsindikiza mgonjwa. Niliwaza watoto wangu, nikawaza na meza yangu. Nikaona afadhali nimpeleke zahanati ya binafsi Kasese, kwa muuguzi mmoja tuliyesali naye kanisa moja, ambaye angeutazama ule mkono kimyakimya. Haya yote niliyapanga bila kumwuliza mwenye mkono.

Alikubali kwa shida. Njiani, karibu na Muhokya, wanajeshi walisimamisha gari kwenye kizuizi. Dada yangu yule akauzamisha mkono ndani ya nguo zake na kuinamisha uso kama anayesali. Mwanajeshi alichungulia, akatupungia twende. Jasho lilimtoka mwenzangu, na mimi likanitoka la kwangu. Nikajiambia, sasa unataka hakika gani nyingine?

Zahanati ilikuwa na lango la chuma lililopakwa rangi ya bluu. Pembeni mwa lango, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mlinzi mzee akitafuna mahindi ya kuchoma. Bunduki ilikuwa imelazwa mapajani, mkanda wake umeungwa kwa mpira wa tairi. Nilikuwa nimempita mzee huyo mara nyingi nikiwa na watoto wenye malaria, na sidhani kama siku hata moja niliitazama bunduki yake.

"Mama, simama hapo! Fungua mufuko," aliniambia, kama alivyomwambia kila mtu.

Nilifungua. Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa amerudi nyuma hatua kumi.

"Njoo, dada."

"Hapana. Sitaingia mule."

"Mkono wako unaoza!"

"Ioze. Minarudia kwetu."

Nilimfuata nikamshika bega, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Hasira ilikuwa imenipanda, na hofu ilikuwa chini yake. Nikamwambia mdomo wangu ukiwa karibu na sikio lake, "Niambie ukweli. Unamwogopa askari kwa nini? Umefanya nini huko kwenu?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mgeni njiani. "Nimefanya nini? Mimi?"

"Basi ingia."

Aliitazama ile bunduki, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Sikubembeleza. Nilimrudisha stendi, nikamweka kwenye gari la Bwera, na kabla mlango haujafungwa nikamwambia asirudi kwenye meza yangu mpaka awe tayari kusema kweli. Nilisema meza yangu. Miaka sita ilikuwa yetu.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu jinsi nilivyoponea chupuchupu. Nilitia chumvi kidogo. Alinisikiliza, akauliza, "Jeraha uliliona?" Nikamwambia mambo mengine hayahitaji kuonwa.

Hakuja Ijumaa, wala Jumanne. Zikapita siku za soko saba au nane. Niliuza sabuni kidogo, na nafasi yake pale mezani nilitandaza mashuka ili isionekane tupu. Kila mwanamke wa Kongo aliyepita nilimwangalia mikono. Nilijiambia namchunguza adui. Kusema kweli nilikuwa nimemkosa, na hilo nalo lilinikasirisha.

Alirudi Jumanne moja, asubuhi, na furushi dogo la vitenge kichwani. Alisimama upande wa pili wa meza kama mteja.

"Mama Kasese. Naweza kuweka?"

Nikaondoa mashuka. Aliweka furushi, akautoa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho havikuwapo. Cha katikati kilikuwapo, ila hakikukunjika. Kovu lilipanda kutoka pale mpaka karibu na kifundo, moja, jembamba, limenyooka kama mstari uliopigwa kwa rula. Nimeishi karibu na mabati maisha yangu yote. Nilijua ninachokiona.

Nilimwuliza kwa nini alikimbia siku ile. Alikaa kwanza, kisha akanieleza, akizungumza polepole ili nimwelewe.

"Dada yangu alizaa kwetu, bakamupasua. Akapona, yeye na mutoto. Lakini fakitire ikamushinda kulipa. Bakamuweka kule miezi mbili. Kwa mulango kulikuwa mulinzi, asitoke. Mulinzi wa kwetu haiko na bunduki, iko na fimbo tu. Bunduki ni ya basoda."

Basoda kwao ni wanajeshi. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa.

"Sasa mi nafika kwenu, naona mulinzi wa lopitali iko na bunduki. Nikasema, kama ule wa fimbo aliweka dada yangu miezi mbili, huyu wa bunduki ataniweka mwaka."

Nilimwambia yule mzee analinda dawa na kompyuta. Anazuia wezi wasiingie.

"Njo ulipashwa kuniambia," alisema, bila ukali.

Ilinipasa, ndiyo. Ningemwambia kama ningekuwa nimeiona ile bunduki. Nikamkumbuka shangazi wa Kenya, aliyepona halafu akakaa wiki tatu akingoja mchango. Nilikuwa na habari hiyo ndani ya ukoo wangu mwenyewe na sikuitumia.

"Na pale kwenye kizuizi?" niliuliza, maana hata hapo nilikuwa bado natafuta.

"Karatasi yangu ni ya soko. Inafika Bwera tu. Kasese haifike. Nilikufuata sababu ulisema twende."

Daktari wa kwao, alisema, alimwambia kwamba kama angewahi wiki moja, vidole vingebaki. Alilisema hilo huku akifungua furushi kwa meno na mkono wa kulia. Sikumwambia kwamba hospitali ya Bwera ilikuwa mwendo mfupi kutoka mezani petu, wala kwa nini nilimpitisha mbali nayo. Nadhani alikuwa anajua ilipo. Alingoja tu mimi mwenyeji nimwongoze.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu aliposimama mbele ya meza.

"Na wewe? Sababu gani ulinikasirikia vile?"

Nilikuwa na nafasi. Soko lilikuwa bado kimya, na hakuna aliyetusikia. Ningeweza kumwambia nilidhani ni risasi, nilidhani wewe ni wa kundi fulani, nilidhani chini ya kitanda chako kuna bunduki kwa kuwa mimi na kaka yangu tuliamua hivyo tukiwa tunakunywa chai.

"Niliogopa damu," nilisema. "Mimi vidonda siviwezi."

Nikasubiri anichunguze. Mimi ningemchunguza. Ningemwuliza mara ya pili na ya tatu, ningemtazama macho. Yeye aliweka ule mkono wenye vidole vitatu juu ya wangu.

"Pole, Mama Kasese. Sikujua."

Aliniamini hapo hapo. Halafu akachomoa kitenge cha kwanza, akajaribu kukipiga hewani, kikaanguka upande. Akanipa ncha moja nimshikie.