Kesho Saa Nne, Hakika

Kabla sijamwona, mwanangu, nilimsikia akipumua. Ngazi za jengo letu pale Buguruni zilikuwa za saruji, nyembamba, hazina dirisha, na sauti ya mtu ilifika juu kabla ya mwenyewe. Nikasikia hatua mbili, kisha pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Hatua mbili nyingine, pumzi tena. Nilishusha bisibisi nikasikiliza. Ilipita muda ndipo ikatokea kofia nyeupe, halafu uso uliolowa jasho, halafu sanduku la kompyuta lililofungwa kwa kikoi pamoja na kamera yake ndogo, na kukumbatiwa kifuani kama mtoto anayepelekwa zahanati.

"Shikamoo, Mzee Nassor. Si ungeniita mie nije kuichukua?"

"Marahaba, binti. Ukija dukani, wanangu watauliza umefuata nini."

Ninyi mnaoniita Bi Tausi leo, mkaniletea kazi zilizowashinda, hamkunijua wakati ule. Nilikuwa fundi kijana, mwanamke pekee katika jengo lile, na nilitembea kidevu juu. Mzee Nassor alikuwa na duka la misumari, rangi na kamba karibu na soko. Babu yake, aliyetoka Arabuni, ndiye aliyelifungua. Kila mtu alimjua, na kila mtu alijua pia kwamba alikuwa na binti ambaye jina lake halikutajwa.

Aliketi kwenye benchi, akangoja moyo wake utulie, akaniambia yote kwa sauti ya chini. Miaka saba nyuma Zuwena aliolewa na mwanamume ambaye baba yake alimkataa, akaenda naye nchi ya baridi. Mzee akaapa mbele ya wanawe wa kiume kwamba hana tena binti. Wale wanawe wakakilinda kiapo hicho hata baada ya mwenyewe kuchoka nacho. Sasa Zuwena alikuwa amemwandikia. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, alitaka babu amwone, na alitaka kuomba radhi.

Unajua uzito wa radhi ya mzazi. Mtu anaweza kuwa na nyumba, afya na watoto, lakini kama mzazi wake alikufa hajamridhia, anaishi kama mgeni hata kwake mwenyewe.

Walikuwa wameahidiana kuonana kwenye kompyuta siku hiyo, Jumamosi, saa kumi alasiri. Miaka ile simu za kuonana uso zilikuwa hazijafika mikononi mwetu.

"Jana iliniandikia nisiizime, inajisasisha," alisema. "Nikaitii. Leo imeamka hainijui. Mtandao hamna."

"Huwezi kumpigia simu tu, mzee?"

"Kwa simu ndiko nilikomfukuza. Nikisikia sauti bila uso, ulimi wangu unakuwa mkali. Nataka nimwone." Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja kwamba bati lake linavuja, "Na daktari anasema moyo umechoka."

Nikaiwasha. Ndani ya kompyuta kuna orodha ya vifaa vyake, kila kimoja kimeandikwa jina. Mahali palipotakiwa kuwa na jina la kadi ya mtandao palikuwa patupu. Haikuandikwa kwamba ni mbovu. Haikuandikwa kabisa, kama vile haijapata kuwamo. Hata taa ndogo ya kijani pale waya unapoingia ilikuwa imezimika. Nikaizima, nikaiwasha. Nikapakia upya programu inayoiendesha kadi ile. Nikairudisha kompyuta ilivyokuwa kabla ya kujisasisha. Nikaizima tena, nikaiwasha tena. Hola.

Upande wa pili wa chumba hicho hicho alikaa Mzee Chilumba, mtu wa Newala, mtoto wa mchonga vinyago, fundi wa redio na televisheni. Ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu nisijiunguze. Lakini wiki moja kabla ya siku ile aliinama juu ya kazi yangu akataka kunielekeza jambo, na mie, mbele ya wateja, nikamwambia, "Mzee, hizi si redio. Wewe baki na redio zako." Wateja walicheka. Naye alicheka. Tangu hapo hakuvuka tena kuja upande wangu.

Siku ile alinitazama muda mrefu, mwishowe akaniita kwa mbali, "Dokta! Mgonjwa vipi?"

"Anaendelea vizuri," nikajibu bila kugeuka.

Ilipokaribia saa kumi Mzee Nassor alinawa uso, akaiweka sawa kofia yake kwa kioo cha redio iliyovunjika. Akaniuliza, "Hii kamera inaonyesha uso mzima? Na mtoto je, nitamwona mpaka miguu?"

Mwanangu, swali hilo bado ninalo. Hunijia nikiwa nafua, nikiwa nakula.

Saa kumi ikapita. Kumi na moja ikapita. Jasho lilinitoka, na macho ya Mzee Chilumba niliyasikia mgongoni. Ndipo nikasema neno nililokuwa sina haki ya kulisema.

"Kadi imeungua. Kesho asubuhi napitia Kariakoo nachukua nyingine. Saa nne itakuwa tayari."

"Kesho hakika?"

"Hakika."

Nilikuwa sijui kama imeungua. Nilikuwa sijui imepatwa na nini. Mzee akatoa simu yake mfukoni, akaishika kiganjani. "Au basi nimpigie tu? Nijikaze?"

Nikamwambia, kwa kucheka, "Ya nini, mzee? Umengoja miaka saba, utashindwa kungoja usiku mmoja?"

Naye akacheka, kwa adabu. Akanipa ile simu nimwandikie Zuwena ujumbe, maana herufi zilimsumbua macho. Alinitajia maneno, nikaandika, akautuma mwenyewe. Kisha akaniachia kompyuta na kikoi chake, akashuka. Hatua mbili, pumzi. Hatua mbili, pumzi.

Na mezani pangu, mwanangu, pembeni ya ile kompyuta yake, ilikuwapo ya kwangu, nzima, ina mtandao. Ningeweza kuichomekea kamera yake nikamkalisha mbele yake. Yeye hakujua hilo, alidhani binti yake anapatikana ndani ya lile sanduku moja tu. Nami nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu kumhamisha kungekuwa ni kukiri kwamba imenishinda, na Mzee Chilumba yuko pale anaona.

Asubuhi nilikuja mapema na kadi mpya kwenye mfuko wa plastiki. Nikamkuta Mzee Chilumba upande wangu, amelipakata lile sanduku. Waya wa umeme alikuwa ameuchomoa, kidole chake kimebana kitufe cha kuwashia, na midomo yake inahesabu polepole.

"Jana uliizima mara ngapi?" aliniuliza alipomaliza.

"Labda mara kumi."

"Na waya wa ukutani uliuchomoa mara ngapi?"

Nikaiweka ile kadi mpya mezani.

"Unaizima, lakini umeme unabaki ndani, na kilichochanganyikiwa kinabaki kimechanganyikiwa. Lazima umalize umeme wote ndipo kianze upya. Redio zangu nazo ziko hivyo hivyo." Akachomeka waya, akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye orodha, mahali pale patupu, jina likarudi kana kwamba halikuondoka. Mzee Chilumba akanitazama. "Haikuungua hii. Wewe maiti uliiona wapi, mpaka ukatangaza msiba?"

Niliona haya, lakini haya yangu ilikuwa na furaha ndani yake. Tulikuwa tumewahi. Nikafuta vumbi kwenye kiti, nikakiweka mbele ya kamera.

Saa nne kamili kompyuta ikalia. Zuwena akatokea, amejifunga mtandio wa kijani, amempakata mtoto aliyevaa kanzu mpya ambayo mikunjo yake ya dukani ilikuwa bado inaonekana.

"Baba yuko wapi, dada?"

"Yuko njiani. Ngazi zinamchosha kidogo."

Unaona, mwanangu? Hilo nalo sikulijua. Lilitoka lenyewe tu.

Mzee Chilumba alipita nyuma yangu akitaka kutuachia chumba. Mtoto akaona mvi, akakumbuka alichofundishwa, akapaza sauti, "Shikamoo, babu!" Mzee wa watu akasimama, hajui la kufanya, akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Zuwena akacheka mpaka akafuta machozi. "Siye huyo!" akamwambia mwanawe. "Babu yako mweupe zaidi, na hacheki ovyo."

Dirisha lilikuwa wazi. Kipaza sauti cha msikiti kikakoroma, na haikuwa saa ya sala.

Sie wa mjini tunajua maana yake. Nilinyoosha mkono kulifunga dirisha, sikuwahi. Sauti ikasema innalillahi, ikasema waumini wanajulishwa kifo cha mzee wetu Nassor bin Seif, mwenye duka karibu na soko, maziko ni leo baada ya sala ya adhuhuri. Ikarudia mara ya pili, kama ilivyo desturi. Mtandao ulikuwa mzuri mno asubuhi ile, mwanangu. Haukukatakata hata silabi moja.

Ndugu zake Zuwena hawakuwa wamempigia. Kiapo kilikuwa bado mlangoni.

"Wamesema nani?" Zuwena aliuliza. "Dada, wamesema nani?"

Nikalitamka jina. Yeye akamziba mtoto macho kwa kiganja, kama vile maiti ilikuwa kwetu chumbani. Kisha kioo kikawa cheusi.

Mzee Nassor alifia kwenye mswala, alfajiri. Tulikuja kuambiwa kwamba alikuwa ameomba apigiwe pasi kanzu yake, ana mgeni saa nne.

Mzee Chilumba aliketi kwenye kile kiti nilichokipangusa. "Mie nilijua tangu jana," alisema hatimaye. "Nilikuona hujachomoa waya. Nikasema moyoni, acha, aje aniulize kwanza." Hakuwahi kunikaripia tena, na mie sikuwahi kumlaumu. Tulifanya kazi ndani ya ukimya ule, sote wawili, mpaka alipostaafu.

Baada ya miezi kadhaa Zuwena alikuja. Nilizisikia hatua zake kwenye ngazi, nyepesi, zinasimama mahali ambapo hazikuhitaji kusimama. Ndugu zake walikuwa wamempokea kama wanavyopokewa watu wa msibani, kwa mkeka na chai. Alikuwa amefuata kompyuta.

Akatoa simu yake, akaniwekea mbele ya macho. Ulikuwapo ule ujumbe. *Mtandao umesumbua. Kesho saa nne asubuhi. Baba.*

"Najua baba hakuandika kwa mkono wake," alisema. "Hakuweza. Nieleze kitu kimoja tu. Hili neno la mwisho, ulilitia wewe kwa ustaarabu wako, au alikuambia yeye?"

Ningeweza kumpa mengi siku ile. Ningeweza kusema baba yako alilia, alisema amekuridhia duniani na akhera. Nani angenipinga? Nilitazama uso wake nikaona kwamba angeninyang'anya maneno hayo mdomoni kwa njaa. Lakini nilikuwa nimeshasema hakika mara moja.

"Nilimuuliza kama nimalizie na jina," nikamwambia. "Halafu akasema, andika Baba. Nikaandika. Akasema, hapana, futa. Kidole changu kikaenda kufuta. Akanishika mkono akasema, iache. Iache hivyo hivyo. Akainyakua simu, akatuma mwenyewe."

"Alisema futa?"

"Alisema."

"Halafu akasema iache."

"Ndiyo."

Alifumba macho. "Huyo ndiye yeye," alisema. "Ungeniambia alilitaja mara moja tu, nisingekuamini."

"Kama alikuwa amekuridhia, sijui, mdogo wangu. Hakuniambia."

Ndiyo mara ya kwanza, mwanangu, nilipolisema neno hilo katika chumba kile. Sijui. Lilikuwa limechelewa.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayejifunza kazi, iwe hii yangu au nyingine yoyote. Sema sijui mapema, wakati anayekusubiri bado ana simu mkononi na njia nyingine ya kupita. Usikitangaze kimekufa kitu ambacho hujakipima, eti kwa sababu hukioni kwenye orodha. Muulize aliyekutangulia, hata kama jana ulimkosea, na mwombe radhi kabla ya kumwomba msaada. Na wewe unayejua, usikae na ujuzi wako ukingoja kubembelezwa. Usimwahidi mtu kesho, maana kesho si yako.

Mungu akupe ulimi usioona haya. Akupe mwalimu asiyenuna. Wazazi wako wakuridhie ungali unawasikia kwa masikio yako, na wewe uwahi kuwaridhia wanao, uso kwa uso, mpaka miguu.

Siku ile Zuwena alilifunga sanduku kwa kikoi cha baba yake, fundo lile lile. Mzee Chilumba akainuka kumsaidia, Zuwena akakataa kwa kichwa. Akalikumbatia kifuani, akatoka. Mikono yake ilikuwa imejaa, akauvuta mlango kwa mguu, ukajifunga nyuma yake.