Sampuli Mbili za Tindiga

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Mtafiti Mkuu wa mradi wetu wa udongo alinikabidhi chuma cha msokoto cha kutobolea ardhi, akasema, "Una miezi sita."

Ninyi mnaotafuta kazi za utafiti vyuoni leo mnaijua hofu hiyo: mkataba unaanza kuisha siku unapousaini. Chuo kilikuwa kimetangaza nafasi moja ya mkufunzi msaidizi, ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo kikuu, na kuipata bila barua ya mapendekezo ya msimamizi wako, kwangu Mtafiti Mkuu, ilikuwa shida. Nililala na nafasi ile, nikaamka nayo.

Nilianzia Mikumi, kwenye mashamba yanayopakana na hifadhi, ambako tulichimba huku mmoja wetu akiangalia tembo. Kisha nikahamishiwa Kilosa, kuchukua udongo wa majaruba ya mpunga ya Tindiga. Nilipanga chumba Magomeni, palepale Kilosa, kwa Mama Zuhura, mjane mcheshi mfuga kuku. Udongo wa kupimwa maabara hukaushwa kivulini, kwani jua kali huweza kubadilisha virutubisho vyake. Nikautandaza kwenye masinia, barazani kwake.

Asubuhi moja nikiwa bombani, kuku walipanda barazani. Niliporudi, masinia mawili yalikuwa yamechakurwa hata sikujua udongo upi ni wa shamba lipi. Na mafuriko yalikuwa yameshafunika majaruba. Pa kuchukua mwingine hapakuwapo.

"Gawa katikati," alisema Mama Zuhura. "Si wote umetoka Tindiga, mwanangu? Kwani huyo bosi wako anauonja?"

Nilicheka. Kisha nikagawa kweli. Nilifunga mifuko miwili, nikaandika lebo kwa mwandiko safi kuliko wa mifuko mingine yote.

Mtafiti Mkuu alifika na gari siku tatu kabla ya usaili wa nafasi ile. Alikuwa ameshapakia nusu ya mifuko nilipoweza kufungua kinywa.

"Daktari, naomba hiyo miwili uitoe."

"Ina nini?"

"Imechanganyika. Kuku waliingia."

Akaisogeza lebo karibu na miwani. "Na hizi lebo, kaandika kuku?"

"Nimeandika mimi."

Mama Zuhura, aliyekuwa akichambua mchele pale, aliinuka taratibu akaingia ndani na ungo wake.

"Na hii mingine?"

"Mingine ni mizima, Daktari."

"Nitajuaje?"

Alinipa daftari la mradi, nikaandika yote, kuku na lebo, yeye akiwa amesimama nyuma yangu.

Barua hakunipa. Nilienda kwenye usaili bila barua, nafasi akapewa mwingine. Miezi sita ilipokwisha nilifunga begi, nikaenda ofisini kwake kurudisha chuma cha watu. Hakukipokea.

"Nimekuongezea miezi sita," alisema. "Daftari nitalisoma kila wiki."

Ilinichukua mikataba minne kuwa mkufunzi msaidizi, na miaka mingi zaidi kuongoza maabara ile. Hofu ya siku za mwisho wa mkataba haikunitoka hata nilipoajiriwa moja kwa moja.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea vyeti na ripoti zao, wakiomba niwaandikie barua, wakikaa ukingoni mwa kiti. Naanza na ripoti. Natafuta ukurasa ambao kitu kiliharibika na mwenyewe akakiri. Nikiukosa, naisoma tena tangu mwanzo, polepole, na kalamu naiacha mezani.